Suti Isiyokauka

Jumanne, 2 Julai

Suti ya mpira ya mume wangu, ile ya kuingilia baharini, ina maji. Nimeingiza mkono hadi kwapani — baridi tupu. Nimeonja kidole: chumvi. Miaka ishirini na sita ya ndoa imenifikisha hapa, kuonja kwapa la suti!

Belisario anasema aliisuuza isiote ukungu. Kwa maji ya chumvi? Alikuwa amenipa mgongo, akaendelea kumenya viazi.

Daktari alisema nikiwa pale pale: miezi miwili, hata tone moja lisiingie sikioni. Sikio la kulia lilikufa zamani. Maji baridi ya rasi hii huotesha mfupa ndani ya sikio, na yeye anateleza kwa ubao kwenye mawimbi haya tangu ana miaka kumi na mitatu. La kushoto wamelichonga mwezi uliopita. Likiingia maji kabla ya kupona, basi tena. Na yeye ndiye anayekaa kwenye redio ya bandari kupokea miito ya wavuvi mashua zikiwa nje. Angalau kwa ajili ya hao angejizuia.

Alhamisi, 4 Julai

Jana nilifunga uzi mweusi kwenye zipu ya suti. Leo umekatika. Nikamwuliza. Akanitazama mdomoni kitambo, kama paka anavyonitazama nikila samaki, halafu akasema labda panya. Panya wa kufungua zipu sijapata kumwona.

Anatabasamu sana siku hizi. Asiye na hatia hatabasamu hivyo.

Jumamosi, 6 Julai

Mvua. Nimekaanga sopaipilla, maandazi yetu ya boga. Eleodoro mvuvi akaja, hata kukaa hakutaka. Jana alikuwa baharini, injini ikamzimikia, akaita redioni mara tatu — kimya. Alivutwa na mashua nyingine, bahati yake. Akaniuliza: Mama Nolfa, mumeo alikuwa wapi?

Nikasema alikuwa kwenye kiti chake. Nimemtetea kwa mdomo tu. Jana mawimbi yalikuwa mazuri, yalisikika hadi jikoni kwangu. Kwa hiyo ndiko alikokuwa! Ameacha watu baharini ili akateleze.

Belisario anasema redio ni mbovu. Nikamwambia, sikio la kufa halisikii dawa. Akachukua sopaipilla nyingine. Akasema ni tamu.

Jumatatu, 8 Julai

Birika limepiga mluzi hadi likakauka. Na yeye yupo mezani, hatua mbili! Eti alikuwa anawaza. Najua anachowaza. Kuna dhoruba kusini. Jumapili rasi itachemka kwa mawimbi.

Jumatano, 10 Julai

Jirani Rudelinda kaja kuazima chachu, akanikuta nakagua suti. Ananicheka. Shoga, anasema, wewe unatazama suti badala ya mwenye suti. Mwanaume ameacha kusikiliza mpira redioni, analala mapema, anakubali kila unachosema? Huyo ana mtu.

Nikacheka naye. Alipoondoka sikucheka tena. Kweli anakubali kila kitu. Jana nilikuwa naosha sufuria, nikasema kwa uchungu: nimechoka nawe, Belisario. Akasema, sawa mama, vizuri.

Vizuri!

Nimepekua mifuko yake. Nta ya ubao, pamba, kamba. Hakuna mtu kwenye mifuko. Lakini yule binti Yanara, ambaye Belisario alimfundisha kuteleza — siku hizi akinikuta dukani anaangalia chini. Kwa nini aangalie chini?

Ijumaa, 12 Julai

Sijamwuliza. Naogopa atasema sawa.

Jumapili, 14 Julai

Niko ndani ya gari lake, juu ya rasi. Ufunguo wa akiba ninao. Vidole vimekufa ganzi, mwandiko huu sijui nitausoma vipi.

Aliaga asubuhi kwamba anakwenda bandarini kutengeneza redio. Nikasubiri, nikamfuata kwa miguu. Gari lake lipo hapa, ubao haupo. Za mwizi arobaini.

Nikasimama ukingoni. Mawimbi marefu, yanaizunguka rasi moja baada ya jingine, na watu kama kumi wakisubiri zamu. Nilimtambua mara moja, kwa anavyokunja goti la kushoto. Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba nilikuwa sahihi. Hakuna mwanamke. Ni mwongo wa kawaida tu.

Akapanda wimbi. Nyuma yake, karibu zaidi na mwamba, Yanara alikuwa ameshalipanda. Sheria ya hapa haina mjadala: wa karibu na mwamba ndiye mwenye wimbi. Akipiga kelele, wa mbele anatoka. Belisario mwenyewe ndiye aliyewafundisha wote, kwa matusi.

Yanara akapiga kelele: Mjomba Beli, toka! Mjomba! Nilimsikia mimi, juu huku, na upepo wote huu. Belisario hakutoka. Hata shingo hakugeuza. Yanara akajitupa majini asimpasue mgongo kwa ubao.

Watu wakamzomea. Yeye akawapungia mkono, anatabasamu — tabasamu lile lile ninalopewa mimi nyumbani. Vijana wawili wakanipita wakipanda na mbao zao. Mmoja anamwambia mwenzake, mzee amekuwa mchoyo siku hizi, hii ni mara ya nne wiki hii.

Si mchoyo. Hasikii.

Mume wangu hasikii kabisa. Wiki mbili nimekusanya ushahidi, na wote ulikuwa wa jambo jingine. Tangu lini? Tangu daktari alipomchonga? Au tangu tone la kwanza? Anaingia majini kwa kuwa hana tena cha kulinda. Na ameninyamazia. Na kesho saa kumi na mbili asubuhi mashua saba zinatoka, na yeye ataketi mbele ya redio akiitazama! Nina hasira. Nataka kulia pia, lakini hasira imetangulia.

Amepanda kutoka pwani. Ameniona, akaanza kuongea akiwa mbali kabla sijafungua mdomo — mama, hukuona lile wimbi la tatu, mama, usinigombeze. Anaongea mfululizo, hataki nipate nafasi. Nikavuta skafu hadi puani, midomo yangu asiione. Alipopumua nikamwuliza: Belisario, kesho nani atakaa kwenye redio?

Akaitazama skafu. Akanitazama machoni, akarudi kwenye skafu.

"Kweli, mama," akasema. "Leo baridi imezidi."

Sasa anafunga ubao juu ya gari. Ananitupia jicho kupitia kioo. Skafu bado sijaishusha.