Sekunde Nne za Salehe Pale Ipogolo

Mafinga, Alhamisi

Salehe ndugu yangu,

Nilikupoteza Jumatatu ile masika yalipoanza. Mkanda wetu wa sinema ulirudi kutoka kusafishwa Ulaya ukakuta tumeshakuzika. Hukuusubiri, na hilo sijakusamehe.

Niliuonyesha hapo hapo gereji kwako Ipogolo, kwenye shuka lile lile tulilokuwa tukiangikia ukutani kuonyeshea sinema. Madereva walijaa. Wakacheka pale yule wa lori la mbao anapoiona kamera, anasimamisha gari, anashuka, anafunga vifungo vya shati, kisha anaganda kando ya boneti kama anapigwa picha ya paspoti. Siku ile ulimwambia, "Mzee, hii ni picha ya kutembea, rudi ukaendeshe." Mkanda hauna sauti, lakini wote tulikusikia.

Halafu ikaja Landrova yako, fundi wako Mudi akiiendesha. Mkanda mzima ni dakika tatu na sekunde ishirini. Wewe umo sekunde nne. Unatoka mlangoni unafuta grisi mikononi, unaanza kucheka, kamera inakimbilia gari. Kinachobaki ni vumbi na tairi la akiba.

Tangu nilipoinunua kamera kwa yule mzungu mjenzi wa barabara, ulinifundisha jambo moja: "Kamera itulie, gari ndilo lipite. Ukilikimbiza utawatapisha watu." Nikashika. Nikachonga miguu mitatu ya msonobari ya kuisimamishia, nikapima umbali mpaka lori lienee lote. Halafu siku ile, wewe mwenyewe, fundi wa kutulia, ukapaza sauti: "Lutengano, lifuate! Mimi utanipiga kesho."

Kesho ipi, Salehe?

Mkeo Zuhura alikaa mbele kabisa. Mkanda ulipokwisha akasema, "Shemeji, rudisha pale." Nikarudisha. Akasema tena. Mkanda ukaanza kukwaruzika, nikaufungia kabatini, na sasa Zuhura ananisalimia kwa kichwa tu. Nifanyeje? Sekunde nne zikichanika hakuna duka la kununua nyingine.

Sasa Landrova imepata mnunuzi wa Mbeya. Zuhura anataka niipige picha inapoondoka gereji, niifuate mpaka ipotelee kule juu barabarani. Yeye atasimama mlangoni, pale pale uliposimama wewe. Nimebakiwa na mkanda mmoja. Nikilifuata gari, naye atakatika kama ulivyokatika wewe. Nikitulia mlangoni, atasema nimemnyima safari ya mwisho ya gari lako. Nimelipigia hesabu kila upande, na kila nikimaliza naanza upya. Usingizi sina.

Pumzika, ndugu yangu. Vyovyote picha itakavyotoka, nitaionyesha gereji kwako, na kile kigoda chako hakikaliwi na mtu, nakuahidi.

Ila gari linaondoka Jumamosi saa mbili asubuhi. Nilifuate, au nibaki na Zuhura mlangoni? Nijibu kabla Mudi hajawasha injini. Na usiniambie kesho.

Lutengano