Gauni la Mama Nililolikata

S.L.P. 61,
Kayanga, Karagwe.
21 Julai, 2024.

Mpendwa Dada Adelgunda,

Shikamoo dada. Habari za Songea na baridi yake? Miguu ya shemeji Gaudiosus imepata nafuu? Sisi huku ni wazima. Kahawa tumeanza kuchuma, na Cleophace wangu ameota meno mawili.

Dada, barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Kwa simu nisingeweza.

Mwezi uliopita shemeji yako Deodatus alipandishwa cheo, nikataka kuwaalika nyumbani wenzake wa ofisini. Nilikataa pilau na soda. Nilitaka tafrija ya kokteli ya mtindo wa zamani, kama kwenye picha za ujana wa wazazi wetu: wanaume na tai za kipepeo, wanawake na magauni na glavu, santuri ikilia, mvinyo kwenye glasi za miguu mirefu. Nilikosa gauni tu.

Unalijua lile la mama la hariri ya kijani, ambalo marehemu baba alimnunulia Bukoba. Mama alikuambia, nami nikiwepo, kwamba ndilo tumzike nalo. Nilijua, dada. Sitasingizia kusahau. Nilikwenda kwake Kanoni akiwa kanisani, nikalichukua. Fundi alilifupisha na kulibana kiuno. Vipande vilivyobaki nikamwambia avikate miraba, viwe vitambaa vya kuwekea glasi, vifanane na nguo yangu.

Wageni walinisifu mno. Vero, mke wa bosi, akataka tupige picha. Mara mlango ukafunguka, Deodatus akaingia na mama. Alikuwa amemfuata Kanoni bila kuniambia, ili naye aone furaha yetu.

Mama alimsalimia kila mtu. Akanitazama kuanzia shingoni hadi magotini, gauni lilipoishia. Kisha akaona meza. Akaanza kuinua glasi moja moja, anachukua kitambaa, anakikamua mvinyo, anakitia kwenye mkoba wake. Vero akadhani anasafisha.

"Acha tu, bibi, dada wa kazi atatoa."

"Nachukua vyangu," mama akamjibu.

Nilisimama na trei mkononi. Hata kumpokea mkoba sikuthubutu.

Jumapili nilimfuata, nikapiga magoti. Vitambaa alikuwa amevifua na kuvianika kwenye kamba, na madoa hayakutoka. Akaniuliza kwa nini sikumwomba. Nikasema niliogopa atanikatalia.

"Ningekupa, Joanitha," akasema. "Ningekuvalisha kwa mikono yangu, nikafurahi. Sasa sikukupa, na kurudi halirudi."

Kisha akapika ndizi, tukala. Amenikataza nisikuambie, asije akatugombanisha. Nakuambia kwa sababu siku yake ikifika, wewe ndiye utakayeulizwa nguo, na sitaki uhangaike kuitafuta huku mimi nimekaa kimya kati ya waombolezaji.

Ukinikasirikia, una haki. Ila usiache kunijibu.

Nisalimie shemeji na watoto, Desderius na Prudensia. Mama anawasalimu wote. Mungu awalinde huko mliko, naye anipe uso wa kukutazama Krismasi.

Mdogo wako akupendaye,
Joanitha