Kete za Jumapili

Jumapili, 3 Machi

Leo tena! Poka, karata zetu za kila Jumapili, imekwisha, wageni wameondoka, narudisha kete za dau kwenye boksi — nyekundu zimezidi. Si kupungua, kuzidi! Kete haizai. Kuna mtu anaingia kwangu na kete mfukoni, anazichanganya na za mezani, na mimi namkaribisha chai.

Hatuchezei hela. Ndiyo maana inauma. Sheria ya nyumba hii ni moja: ukiishiwa kete unaosha vikombe, unaaga. Niliiweka mwenyewe. Basi kuna mtu hataki kuosha vikombe.

Jumatatu, 4 Machi

Nimezipeleka kazini, nikazipima kwenye mzani mdogo tunaokagulia maduka ya dhahabu. Nyekundu ni za aina mbili! Nyingine nyepesi kidogo. Nilijua. Plastiki hizi zinauzwa kila duka la vitu vya watoto, yeyote anaweza kuzipata.

Nani? Shemeji, mdogo wa mke wangu — anacheka mno, na koti havui hata jua likiwaka. Fundi cherehani, jirani yetu — mifuko ya siri anajishonea mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu ndiye mshona nguo!

Baba mkwe simhesabu. Mzee wa watu. Tangu mama mkwe afariki anafika kabla sijapanga viti, na siku hizi anauliza kete ipi nyekundu, ipi kahawia. Anabeti ovyo, anapoteza, halafu ajabu — haishiwi. Kila Jumapili anaondoka wa mwisho. Bahati ya wazee.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwambia mke wangu nataka seti mpya, ya maana, isiyoghushika. Akaacha kukunja nguo. Za zamani zina kasoro gani? Nikamweleza. Akasema ukaguzi niuache ofisini, mchezo ni mchezo.

Hm! Hakuuliza ni nani. Asiyeuliza anajua. Damu nzito kuliko maji — anamficha mdogo wake.

Jumamosi, 9 Machi

Dukani. Muuzaji akanitolea sanduku linalong'aa, la kufuli. Shika, mzee, sikia uzito huo! Nikatoa sumaku mfukoni — kete ikanasa tap! Chuma tumboni, plastiki nje. Uzito wa kudanganya mkono. Nikamwuliza, na ndani ya sanduku kuna nini kingine cha uongo? Akanuna.

Akaenda stoo, akarudi na nyingine kwenye boksi la karatasi tu. Za udongo uliochanganywa. Hazitelezi vidoleni. Ukizipanga zinasimama wima, hata meza ikitikiswa. Ukigonganisha mbili, mlio mfupi, mzito, kama mtu anayefunga mlango taratibu. Rangi zimeingia hadi ndani, na ubavuni nimechongesha alama yangu: mzani. Hakuna duka lenye hizo. Nimefurahi kama mtoto!

Mke wangu kaziangalia. "Nzuri," kasema, akaenda zake jikoni.

Jumapili, 10 Machi

Naandika chumbani. Wako sebuleni. Nimewaambia natafuta miwani.

Nilimwaga kete mezani saa tisa. Fundi akazisifu, akazigonganisha sikioni. Baba mkwe akazipapasa: nzito hizi, mwanangu! Shemeji akachukua moja, akaona alama. Hakucheka. Nikasema moyoni, nimekunasa!

Tukacheza. Mzee akasukuma kete za kahawia, zile za thamani kubwa, akidhani nyekundu. Mara ya kwanza, mara ya pili. Rundo likashuka. Nikamwona shemeji mkono uko mfukoni, nikautazama huo huo. Hautoki! Hata saa haijaisha, baba mkwe akapapasa meza mbele yake — patupu. Akatabasamu. "Haya. Leo vikombe ni vyangu."

Akainuka, akashika ukuta kuelekea jikoni. Bomba likafunguliwa.

Ndipo shemeji akatoa mkono, akaufungua chini ya pua yangu. Kete nyekundu. Zile nyepesi.

"Nilikuwa namwongezea akigeukia karata," akanong'ona. "Akitoka hapa saa kumi, anaenda kukaa na nani?"

Fundi akainamia kikombe chake. Naye alijua! Wote walijua. Mimi mwenye mzani ndiye nisiyejua kitu. Aibu imenipanda hadi masikioni.

Na sheria ni yangu. Nikiivunja mbele yake ataelewa kwa nini, na mzee yule hapokei huruma — ataacha kuja kabisa.

Bomba limefungwa. Nasikia vikombe vinapangwa. Sasa anauliza kofia yake, aliitundika msumarini mlangoni, iko wapi? Fundi anasema hajaiona. Shemeji anasema hapa kwa mkaguzi hakupotei kitu, baba, kaa kwanza tuitafute. Kiti kimevutwa.

Mke wangu kachungulia. Kaiona magotini kwangu, chini ya daftari hili. Karudisha mlango, na sasa namsikia akimwambia baba yake, "Chumbani haipo, baba. Kunywa chai kwanza."