Fatiha ya Mtambo wa Gesi

Jumatatu, 4 Agosti

Mkutano mwingine, maneno yale yale. Shule imefungwa na mimi, mwalimu wa fizikia, nimegeuka mkalimani. Mhandisi mgeni anasema Kiingereza, mimi nasema Kiswahili, watu wanatazama viatu vyake.

Mvuke wa ardhini hutoa umeme usiku na mchana. Mabwawa yanategemea mvua. Upepo una maringo, huja utakapo. Jioni nchi nzima inapowasha taa na upepo umelala, kinatakiwa kitu cha kuwaka haraka kuziba pengo. Hiyo ndiyo kazi ya mtambo wa gesi. Gesi yenyewe italetwa kwa meli. Moshi wake si mwingi kama wa makaa, lakini upo. Hilo nalo nalisema. Ninaamini ninayoyasema.

Jumanne, 5 Agosti

Eneo wanalolitaka zaidi, kule bara, ng'ambo ya kisiwa chetu, ndipo lilipo shamba la Mama. Minazi, ufuta, kisima cha babu. Mimi nilijua tangu wiki jana. Yeye amejua leo.

Amekataa. Hakupiga kelele. Aliendelea kukuna nazi, akasema hauzi, hakodishi, habadilishani. Nikamweleza habari za upepo na mabwawa. Akaniuliza kama nitakula sasa au baada ya isha.

Nimekasirika. Ana friji, ana feni, na umeme ukikatika mtaa mzima unamsikia yeye kwanza.

Alhamisi, 7 Agosti

Mkutano wa wenye mashamba. Mama alikaa mbele upande wa wanawake. Nilisema vizuri kuliko siku zote. Labda kwa sababu yake.

Mwishoni sheikh akaombwa afunge kwa Fatiha, kama ada yetu. Watu wakainua mikono. Mhandisi naye akainua, kachelewa kidogo.

Tulipofika nyumbani Mama akasema shamba lichukuliwe. Nilidhani ananitania. Fatiha ishasomwa, anasema. Kwetu posa ikisomewa Fatiha imefungwa, hageuki mtu, na yeye ameinua mikono mbele ya watu. Nikamwambia ile ilikuwa ya kuagana tu. Hasikii.

Nimepata nilichokitaka. Sina furaha hata kidogo.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala nimekwenda kwa sheikh. Kasema nilivyosema mimi: dua ya kufunga kikao haimtoi mtu katika mali yake. Nikarudi mbio na habari hiyo.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: "Sheikh aiyua Fatiha yake, mimi naiyua yangu. Mato yangu yalikuona mbele ya wanaume wale wote, watoka jasho. Nikamuomba Mngu akupe ulitakalo. Sasa niwanyime shamba?"

Kumbe gesi haikuwamo kabisa katika dua yake.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefua. Nimesahihisha mitihani, nikamkata mtoto wa watu alama aliyostahili, nikamrudishia. Hasira tupu. Namkasirikia Mama kwa kunipenda namna hii.

Jumatatu, 11 Agosti

Tulivuka kwenda shambani. Afisa wa ardhi, aliyekuwa aje nasi, alibaki kisiwani Amu, tumbo limemchafuka. Tukawa watatu: mhandisi, Mama, mimi.

Ufuta u karibu kuvunwa. Mama alitembea kati ya mistari akishika vitumba, kimoja kimoja.

Mhandisi ni mtu mpole. Aliniomba nimweleze Mama kuwa ana haki ya kukataa. Wana eneo la pili ng'ambo ya mkono wa bahari, tope na mikoko, halina mkulima. Litawapa kazi zaidi, na mikoko itakatwa. Nikamfasiria yote, neno kwa neno. Halafu akauliza: anakubali kwa hiari yake?

Nikamuuliza. Mama akanitazama mimi, si yeye.

"Nimekubali. Nawafanye."

Nikamgeukia mhandisi nikamwambia kwa Kiingereza kuwa mama yangu anakataa.

Akaitikia kwa kichwa. Akaweka mkono kifuani kumshukuru, kama tulivyomfundisha. Mama naye akaweka wake. Kila mmoja aliridhika na jibu alilolisikia.

Nimeusaliti ukalimani, na nimemsaliti Mama papo hapo. Ile mikoko sikuitetea kwa neno. Na mtambo bado nautaka, ajabu yangu. Naogopa. Sijuti.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama ameanza kugawa vitu vya kibandani kule shambani. Jembe kampa jirani. Nimemwambia asiwe na haraka. Kasema wenyewe wapya wasije wakakuta takataka.

Jumatano, 20 Agosti

Tangazo limebandikwa. Wapimaji watakwenda kwenye eneo la pili. Sababu haikutajwa. Nimelisoma mara mbili nikiwa nimesimama juani, nikaenda kununua samaki.

Alhamisi, 21 Agosti

Mama amepata habari kwa jirani. Alikuja chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilijua anakuja kuniuliza nilimwambia nini yule mhandisi. Hakuniuliza.

Amenipa pole. Kasema Mngu hakutaka, labda yeye hakuomba kwa moyo wote, nimsamehe. Akanishika kichwa kama nina homa. Akataka kujua aniombee nini kingine.

Nikamwambia safari hii ajiombee yeye. Akacheka, kana kwamba nimesema jambo la kitoto, akaenda kuteleka wali.