Gari Jekundu Ndani ya Eda

Baba Zuhura,

Leo sikupi salamu. Sina uso. Nisikilize kwanza, halafu ukitaka kununa, nuna.

Waukumbuka mchezo wako wa magari. Tulimnunulia Zuhura alipokuwa mdogo, wa kuchomeka kwenye televisheni, mashine ikaliwa na kutu ya chumvi. Uzeeni ukampelekea fundi kompyuta, akaitia programu ya kuifanya ijione ndiyo mashine ile ya kale. Mchezo ukarudi vile vile: gari jekundu, na minazi ya pembe pembe isiyo na nazi hata moja. Ukafurahi kama uliyepewa mke wa pili. Nami nikikusema kutwa: "Mzee mzima, wachezea vigari! Amka ukanunue samaki!" Nawe: "Njoo ujaribu, mama, mara moja tu."

Sikuja. Nimekuja sasa, wewe hupo.

Eda ni kukaa. Siendi sokoni, siendi harusini, natazama ukuta. Siku moja nikaiwasha kompyuta yako, nisikie zile kelele zako tu. Nikajaribu. Lo! Sasa ile kona ya darajani iliyokushinda wewe, mimi naipita bila kugusa ukingo.

Alhamisi, baada ya alasiri, dada yako Rukia akaja na wanawake wa Dabaso kunisomea dua. Kufika barazani, wasikia mwanamume apiga kelele chumbani mwangu. Ni yule mtangazaji wa mbio, hupayuka Kizungu mtu akishinda. Wao watajuaje? Mjane yumo edani, ana mwanamume ndani! Rukia akausukuma mlango: "Yuko wapi? Mtoe!" Akachungulia mpaka mvunguni.

Nami nijionaye hodari wa kukaripia watu, nikaogopa. Nikasema: "Ni mchezo wa marehemu. Umejiwasha wenyewe, mimi hata kuuzima sijui."

Wakacheka. Si mimi waliyenicheka. "Maskini kaka yangu," Rukia akasema, "mvi zote zile, kumbe mtoto!" Mmoja akauliza kama ulikuwa ukinyonya na kidole. Na mimi... mimi nikacheka nao, Baba Zuhura. Ndani ya nyumba yako. Kaburi lako halijaota hata nyasi.

Tangu hapo sijauwasha.

Jumapili natolewa eda. Watakuja wote, Rukia mbele, watakula pilau yangu. Kabla hawajanawa mikono nitawaambia: aliyekuwa akicheza ni mimi, na mchezo naupenda, na mume wangu hakuwa mtoto. Alikuwa na raha yake, akaniita, nikajitia ukubwa. Rukia atapiga ukelele mpaka Watamu wasikie. Apige.

Mungu akupe nafasi huko uliko, mume wangu. Nakuahidi kicheko kile nitakitoa kwako. Wanicheke mimi, niko hai, nitawajibu.

Mkeo,
Mama Zuhura