Aliyezima Mtandao wa Hospitali

Kigali,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo, na Baba mpe ya kwake. Mshono wake unaendeleaje? Bado mnamkataza kukamua ng'ombe, au ameshaanza ubishi wake? Mimi ni mzima wa mwili, ila kuna jambo limenikaa kooni tangu siku ile ya operesheni, na kwenye simu nimeshindwa kulisema.

Unajua kampuni yetu ndiyo inayotunza mfumo wa kompyuta wa ile hospitali ya mjini Arusha. Asubuhi ile ilitangazwa kwamba programu inayowafungulia watu mlango wa kuingia kwenye mfumo kupitia intaneti ina tundu. Tangazo lilikuja na kiraka chake cha kuziba tundu hilo, lakini wezi nao husoma matangazo. Nilipochungulia, tayari kuna mtu nisiyemjua anagusagusa mlango wetu. Angeingia, angefunga mafaili ya wagonjwa wote na kudai fedha ndipo ayafungue.

Wewe ni fundi cherehani, mama. Humtii mtu kiraka kwenye suruali akiwa ameivaa. Ilibidi nizime mfumo mzima. Wakati huohuo kaka Elisante akanipigia: "Ngiri imembana Baba vibaya, tuko hospitali ya mjini. Dokta anasubiri majibu ya damu tu amwingize chumba cha upasuaji." Majibu yenyewe yalikuwa humo humo kwenye mfumo.

Nikampigia fundi wa kompyuta wa pale hospitali, nikamwomba majibu ya wagonjwa wote yatolewe maabara kwa karatasi. Akasema, "Dada, we zima. Nitakimbia nayo mwenyewe." Nikazima.

Kiraka kikaingia, mfumo ukagoma kuwaka. Nikajaribu tena, wapi! Hapo ndipo ulipopiga wewe, kutoka kwenye benchi la hospitali.

"Mwanangu, tumekwama. Wanasema mtandao umezimwa. Baba yako anaugulia hapa, jasho linamtoka, na kuna mtu amekaa mahali amezima tu! Mungu anamwona. Mama yake naye akalie benchi kama hili, aone!"

Nikasema, "Pole mama," basi. Nikaendelea kutafuta kosa huku nalia. Lilikuwa agizo moja la zamani ndani ya mfumo, lisilopatana na kiraka kipya. Nikalifuta, mfumo ukawaka, mwizi akabaki nje. Na yule fundi alikimbia kweli, maana Baba alishaingizwa kabla sijamaliza.

Elisante ananiambia bado unamtaja mtu yule kwenye sala ya jioni, na si kwa wema. Ndiyo maana naandika. Naogopa, mama. Neno la mzazi likishatoka haliulizi mwenyewe ni nani.

Nisalimie Elisante na mkewe, na shangazi muuza ndizi pale barabarani. Baba mwambie ng'ombe hawatakimbia.

Na yale maneno, nakuomba uyafute kwa kinywa chako mwenyewe. Ulitaka mama yake naye akalie benchi kama lile. Alikuwa amekalia tayari.

Binti yako,
Elirehema