Barafu za Waridi

Kuze, Mombasa
14 Machi 1996

Kwa ndugu yangu mpenzi Faraj,

Assalaam alaikum. Natumai huko Maskati u mzima na kazi yaenda vizuri. Sisi huku tu wazima, ila joto la mwezi huu latutoa roho, na Mama bado analalamikia goti lake. Anakuombea dua kila swala.

Barua yako imefika juzi. Unasema Mbeyu, kwa kuwa amekwenda kwao Tononoka, akae huko huko, nawe utatuma talaka yake kwa Mjomba. Subiri, ndugu yangu. Kwanza nikueleze habari ya hizi barafu, maana zimenichosha hata sitaki kuona friji ikifunguliwa.

Siku ya wageni wa posa ya mdogo wetu Nargis, Mama alishikilia wapewe barafu za maziwa na iliki, kila kikombe na waridi lililochambuliwa juu. Nilimwambia sharubati yatosha. Wapi! Kutwa ni Khulthum koroga, Khulthum jaza, Khulthum usifungue friji hazitaganda. Na stima nayo ikapotea saa nzima. Nargis mwenyewe yuko mbele ya kioo anajipaka wanja. Ndani ya friji sinia mbili: moja ya waridi la kula, ya pili waridi na asmini za Mama za kutungia vikuba vya kubandika kifuani, zimeshanyunyizwa marashi na mafuta ya udi. Nani huweka vitu hivyo pamoja? Ni sisi tu.

Wageni wakala. Mama yake mposaji kijiko cha kwanza alimeza, cha pili akatema kwenye leso, akauliza kama nyumba hii watu hula manukato. Wakaondoka bila kutaja siku ya kurudi. Mama akaja juu, ataka kujua nani kachanganya maua. Wote wakamgeukia Mbeyu, wakasema mtu wa asili ya mashamba atajuaje ua la kula na ua la kikuba. Nami nikakuandikia hivyo hivyo, kwamba ni mkeo.

Faraj, si mkeo. Ni mimi. Waridi la kula liliniishia vikombe vinne kabla ya mwisho, Mama anapiga kelele, nikachota kwenye sinia yake. Mbeyu alikuwa kando yangu. Aliniambia taratibu kwamba hayo yametiwa mafuta, nikamjibu asinifundishe maua. Aliposingiziwa alinitazama tu, akachukua mkoba wake akatoka.

Jana nimekwenda kwao. Alinikaribisha, akanipa maji. Hata mamake mzazi hajamwambia kuwa ni mimi. Nimemwomba radhi nikilia, akasema amenisamehe, lakini kurudi atarudi kwa neno lako wewe, si langu.

Kwa hivyo usimwandikie Mjomba. Mwandikie mkeo. Mama nitamwambia leo baada ya alasiri. Ukisikia nimehamia kwa Shangazi, usishangae.

Pokea salamu za nyumba nzima, na Mungu akuhifadhi ugenini.

Dada yako aliyekukosea,
Khulthum